Mektrida Shayo na Shaba Aliyokataa Kuiamini

Baada ya miaka ishirini na tisa katika maabara yetu ya metali hapa Moshi, Bi Mektrida Shayo wa Kilema anastaafu tarehe 30 Juni 2001. Barua ya kustaafu aliisoma mara mbili, akitafuta kilichofichwa ndani yake.

Ndivyo alivyo. Soko lilipofunguliwa na mitungi ya haidrojeni ikaanza kuletwa na wafanyabiashara binafsi, hakuna mtungi uliotumika kabla hajaupima mwenyewe. Hata sukari ya chai ya ofisini aliitilia shaka. Kila tulipomletea habari njema alituuliza: "Mmeona, au mmeoneshwa?"

Kazi yake ilikuwa kuchungulia kwa hadubini ya elektroni jinsi oksidi ya shaba, ikipashwa moto ndani ya haidrojeni, inavyopoteza oksijeni na kugeuka shaba tupu. Mwaka 1996 unga wa oksidi tuliotengeneza wenyewe ulionekana kugeuka shaba kwa moto mdogo ajabu. Tulishangilia, maana mwekezaji mmoja aliyeitaka maabara alikwishaahidi kutuajiri sote matokeo yakiwa hayo. Mektrida peke yake alinuna mbele ya picha iliyokuwa imletee sifa. Alishuku kwamba miale ya hadubini yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiing'oa oksijeni. Akarudia jaribio miale ikiwa imezimwa, akaiwasha mwishoni tu ili atazame. Chembe zilikuwa bado oksidi; moto mdogo haukuzigeuza.

Alimweleza mwekezaji ukweli, naye akaondoka. Nusu ya wenzetu walipunguzwa kazini, akiwemo fundi wa gesi, Thadeus, mdogo wake wa tumbo moja. Tulimkasirikia sana Mektrida. Thadeus aliapa kutokanyaga kwa dada yake, na Krismasi tano familia imekutana Kilema bila yeye. Sisi tuliobaki tuna kazi leo kwa sababu wateja wanajua picha ya Mektrida haina ujanja.

Jumamosi iliyopita, kwenye hafla ya kumuaga, Thadeus aliingia na jani la isale mkononi, kama Wachagga tunavyoombana radhi. Mektrida hakulipokea. Alimkazia macho, akamuuliza ametumwa na nani: mkurugenzi, mama, au padri? Thadeus akajibu kwa Kichagga kwamba hakutumwa na mtu, amemkumbuka dada yake. Mektrida akalishika jani kwa mikono miwili, akalia mbele yetu sote.

Dada Mektrida, asante kwa kutunyima uongo. Nenda kapumzike kwa raha. Tunakupenda, na hatukutumwa.