Mwalimu Peres na Somo la Wageni

Wasikilizaji wapendwa, wewe uliye jikoni punguza moto kidogo, na wewe wa dukani keti tuongee. Leo tunamkumbuka mwalimu Peres Ogutu wa Mountain View, tuliyemzika Jumamosi iliyopita kwao Ugenya. Alifundisha hesabu katika shule moja ya msingi huko Kangemi hadi mwaka huu wa 2009, figo zilipomshinda. Sitawaficha, kipindi cha leo kina uchungu.

Mnakumbuka mwaka wa 2003. Karo iliondolewa, watoto wakafurika madarasani, na silabasi mpya ikaingia papo hapo. Mwalimu mmoja alifuata kitabu cha zamani, jirani yake kipya. Veronicah, binti yake Peres, ananiambia mama alikuwa akirudi nyumbani amefura kwa hasira. Alikuwa akisema, "Mwalimu wa darasa la nne ameruka kugawanya. Wa la tano anadhani walifundishwa. Wa la sita anawachapa. Sasa mtoto amekosea wapi?"

Basi akaanza Jumamosi zake. Bi Gurleen, aliyefundisha naye zamani, alimpa chumba juu ya duka la vitambaa la familia yake, Biashara Street. Walimu wa Kangemi, Uthiru na Dagoretti walikutana hapo wakapanga nani afundishe nini na lini, ili darasa moja lishikane na linalofuata. Katikati ya wiki, mmoja alikwenda kukaa nyuma ya darasa la mwenzake, kutazama watoto wanakwama wapi.

Jamani, waliogopa! Mwalimu wetu akiona mtu mzima ameketi nyuma ya darasa, anajua huyo ni mkaguzi. Peres akawaita kwanza darasani kwake. Walimwona akikwama, wakamcheka, naye akacheka pamoja nao. Woga ukaanza kupungua.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka wa 2006 walikuja wageni, watu wa shirika lililotaka kugharamia mafunzo ya walimu. Wakiona shida, wangeleta wakufunzi katika shule zote za upande ule. Peres aliwasihi wenzake kitu kimoja tu: msiwape somo la wageni.

Kila mwalimu anayenisikiliza analijua somo la wageni. Ni lile ulilokwisha kulifundisha mpaka watoto wanalikariri. Mkaguzi akibisha hodi unalitoa tena, mikono yote juu, mkaguzi anaenda zake ameridhika.

Wageni waliingia darasa la sita la Mwalimu Zedekiah, kijana ambaye Peres alimlea kikazi hata akamwita mathe, yaani mama. Peres alisimama mlangoni, miguu imevimba, tayari mgonjwa. Na Zedekiah akatoa somo la wageni. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Nilimwona mathe pale mlangoni, nikashindwa kumwaibisha. Nilitaka aonekane amefanya kazi poa."

Mikono yote juu. Wageni wakapiga makofi. Wakasema walimu hawa wako sawa kabisa, hawahitaji msaada, na msaada wakaupeleka kwingine.

Peres hakumgombeza. Veronicah anasema mama aliketi kitandani na koti lake, akasema, "Tulipata nafasi moja ya kusema hatujui, tukaficha." Baada ya hapo walimu walipungua Jumamosi hadi Jumamosi, na Bi Gurleen akajaza kile chumba vitambaa.

Watoto wale wa darasa la sita walifanya mtihani wa darasa la nane mwaka jana. Hesabu iliwaangusha karibu wote. Kugawanya, wasikilizaji. Kulekule kugawanya. Peres alisoma matokeo yao akiwa hospitalini.

Veronicah na familia yote, poleni sana. Bi Gurleen, pole. Zedekiah, pole nawe, najua unasikiliza. Wasikilizaji, pale kaburini Zedekiah aliniambia kwamba wiki iliyotangulia mkaguzi alikuja tena shuleni, na yeye akalitoa somo lilelile. Alisema hakujua la kufanya, kwa sababu aliyekuwa akimwonyesha hayupo.

Walimu wapendwa, kesho asubuhi mtaingia darasani. Yupo mtoto anayeinua mkono kwa sababu wenzake wameinua. Mjue ni nani. Peres angemjua, na Peres tumemzika.