Kaka Yetu Msasa na Miaka Yake Miwili ya Probesheni

Kaka yetu seremala, ambaye nyote mlimwita Msasa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, kifungua mimba wa mama yetu. Mimi ndiye wa pili na wa mwisho. Wifi yangu ameniomba nisome wasifu huu wa marehemu kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki anayemjua tangu utotoni. Nimekubali kwa shingo upande.

Alisoma mpaka darasa la saba, kisha akajifunza useremala kwa mjomba. Kwenye mbao mkono wake ulikuwa mzuri. Kwa watu ulikuwa mwepesi mno. Alioa mwaka 1996. Aliyoyavumilia wifi anayajua mwenyewe, simsemei.

Agosti 2012 tuligombania nyumba ya mama. Akanipiga kwa ubao, akanivunja mkono wa kulia. Mimi ni fundi cherehani. Mahakamani nilitaka afungwe. Mama akalia mbele ya hakimu, kaka akapewa miaka miwili ya probesheni: asinywe pombe, asihame bila ruhusa, asikanyage kwangu, aripoti kwa afisa wa probesheni kila Jumatatu, na afagie zahanati. Mimi niliona amepewa zawadi. Nilikuwa nikimwona anapita na ufagio wake, watu wanamsalimia kama shehe.

Afisa wake, mama mmoja mwembamba, alikuwa akimfikia bila taarifa, anakagua karakana, anawahoji majirani. Nilimsaidia kwa moyo wote. Siku moja nikamwona kaka anaingia baa, nikapiga simu. Afisa akaja mbio, akamkuta amepiga magoti anafunga bawaba za mlango.

"Nimenusa mpaka glasi yake, dada," akaniambia. "Ni maji."

"Kesho mnuse tena."

"Nitamnusa. Una neno nimpelekee?"

"Mwambie namwangalia."

Akamfikishia. Kaka akajibu, "Aendelee. Akiniangalia, sinywi."

Jibu hilo lilinikera kuliko kipigo. Mimi nilitaka ateleze, yeye akanigeuza mlinzi wake.

Alimaliza muda wake mwaka 2014 bila kosa hata moja, na pombe hakuirudia mpaka kufa. Hilo ni kweli, na nalisema mbele yenu.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua. Nilikwenda hospitali mara moja tu.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema.

"Kunywa dawa," nikamwambia.

Akacheka mpaka akapaliwa, kisha akanywa. Alifariki tarehe 2 Juni, mkewe akiwa kando yake.

Wifi alitaka niandike kwamba tulipatana. Hatukupatana. Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi, ndugu yake wa pekee. Yaliyobaki namwachia Mungu, ambaye anajua kuhukumu kuliko mimi na kuliko hakimu. Alale salama.