Ile Nanii Kutoka Kanyangi

Benchi si langu, lakini liko kwenye baraza yangu hapa Kwa Vonza, na hiyo ndiyo shida. Mimi ni fundi cherehani. Nataka mtu alete nguo, apimwe, aende zake. Badala yake kila asubuhi wanakuja kukaa: Jonah, aliyekuwa karani wa chifu mpaka mwaka wa sabini na tisa na mpaka leo havui tai, Salim muuza kahawa, tunayemwita Mombasa ingawa alizaliwa hapo Kitui mjini, na siku za soko Ndululu, dalali wa mbuzi, tunayemwita Posta kwa sababu anabeba salamu za watu kutoka Kanyangi na kuzifikisha bila kuongeza wala kupunguza. Ng'ambo ya barabara kuna posho mill ya Muthama, na kijana anayeiendesha ni Musembi. Siku ninayosema ilikuwa ya Novemba, wakati wa kupalilia, mawingu yamejaa tangu alfajiri. Salim alikuwa ndiyo kwanza anamimina kahawa Posta alipopiga mluzi kumwita Musembi avuke.

Musembi akazima mashine. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na madebe yao wakaanza kunung'unika. Akaja na unga kwenye nyusi.

— Jana nilipita kwenu, Posta akasema. Mama yako amenituma.

— Anasemaje?

Posta akaweka kikombe chini. Akitoa ujumbe hukaa wima, mikono magotini, kama mtu anayesoma Biblia mbele ya kanisa.

— Amesema hivi: "Mwambie Musembi, ile nanii sasa ni hivyo. Kama anaweza kuja, aje. Kama hawezi, basi, ni hivyo tu."

Tukangoja. Posta akachukua kikombe chake tena.

— Ni hayo tu? Musembi akauliza.

— Ni hayo.

— Nanii gani?

— Hiyo sikuuliza.

— Lakini Posta, si ungeuliza tu.

— Mimi nabeba, sifungui. Siku nitaanza kufungua mizigo ya watu, nani atanipa ingine?

Ningecheka, lakini nilimwona kijana anavyotazama barabara. Basi la kwenda Kanyangi ni moja, linapita saa saba. Likipita, ni mpaka kesho, na mto ukijaa hakuna kesho wala kesho kutwa. Na Muthama hataki kusikia mill imefungwa. Vijana wawili kabla ya Musembi walifunga siku moja moja tu, mmoja kwa sababu ya jino, wakafutwa. Kwa hivyo Musembi alitaka kujua kitu kimoja: hiyo nanii ni kubwa ya kumfanya apoteze kazi, au ni ndogo ya kungoja Krismasi.

— Mnaona sasa, Salim akaanza. Nyinyi watu wa bara mtakufa na hiyo nanii yenu. Mtu ana mdomo, ana meno, yaani, badala ya kutaja kitu kwa jina lake anasema nanii. Kwetu kitu kina jina, yaani, unakitaja.

— Kwenu wapi, nikamwuliza. Hapo Kalundu, Kitui mjini?

— Fundi, wewe shona.

Nikashona. Nilikuwa na kola za sare za shule, kumi na mbili, na nilikuwa nimeshona mbili.

Jonah akarekebisha tai.

— Hii kitu haitaki kelele, si unajua. Mimi nimeandika barua za chifu miaka kumi na tisa, si unajua, na najua mtu akisema "ile" anasema kitu mnajua nyinyi wawili. Sasa ni nini iko kwenu na mnajua nyinyi wawili? Shamba. Watu wa kupima wamefika. Yule jirani yenu, Kiilu, si ndiye mlikuwa mnavutana naye pale mpakani kwa mkonge?

— Shamba lilipimwa mwaka juzi.

— Wanapima tena.

— Nani amesema?

— Sijasema wamesema. Nasema wanaweza.

Musembi akaketi pembeni ya benchi, akasimama, akaketi tena. Ng'ambo, mama mmoja akagonga debe lake kwa mkono, mara tatu.

— Nakuja, Musembi akaita, lakini hakwenda.

— Si shamba, Salim akasema. Shamba ni jambo la kusemwa hadharani, hata unapiga kelele. Jambo linalofichwa, yaani, ni mali. Babu yako si alikwenda vita vya Burma?

— Alikwenda.

— Akarudi na nini?

— Akarudi na kikohozi.

— Ndivyo mlivyoambiwa. Wazee wale walirudi na sanduku, wakazika chini ya ghala wasije wakaombwa. Mvua imenyesha, udongo umeshuka, sanduku limetokeza. Sasa mama atasemaje mbele ya dalali wa mbuzi? Atasema nanii.

— Mimi si mwizi, Posta akasema.

— Sikusema wewe mwizi. Nasema yeye hakujui.

— Ananijua miaka ishirini.

— Basi anakujua.

Hapo wakacheka, hata Musembi kidogo. Mimi nilikuwa nimewaza jambo lingine tangu mwanzo, na nadhani kila mtu pale alikuwa amewaza jambo hilohilo. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka mbele ya mtoto wa mama mwenyewe, kwa hivyo kila mmoja akatafuta kitu cha mbali zaidi. Niliinama kwenye kola zangu. Hilo najilaumu nalo hadi leo.

Saa tano ikapita. Salim akazungusha kahawa ya pili. Posta, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha na angeweza kwenda kuuza mbuzi wake, akaingia naye kwenye mashauri, na akaingia vibaya.

— Mimi nitasema yangu, si ya mama. Wewe Musembi uko peke yako kwa mama yako, si ndiyo?

— Peke yangu. Dada zangu wameolewa.

— Nyumbani ulienda lini mwisho?

— Pasaka.

— Ya mwaka huu?

Musembi akapangusa unga kwenye nyusi, akaukuta bado uko, akapangusa tena.

— Ya mwaka jana.

— Basi ni iweto, Posta akasema. Mama yako anaoa iweto.

Jonah akakohoa kahawa. Mimi mwenyewe nikainua mguu kwenye pedali. Kwetu Ukambani mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mbuzi, akaoa msichana, msichana yule akamzalia watoto wa boma lake. Ni jambo la heshima na la zamani. Lakini ni la mama asiye na mtoto wa kiume.

— Mwaitu, mama yangu, ana mimi, Musembi akasema.

— Anaye?

— Posta, nikasema, inatosha.

— Si nimeulizwa? Mmekaa hapa mnasema sanduku, mnasema Burma. Mimi nimefika kwa huyo mama. Paa la jikoni limeanguka upande mmoja. Shamba halijapaliliwa, nyasi inafika hapa. Mtu akiona hivyo si atafikiria kuoa mtu wa kumsaidia?

Sasa hakuna aliyecheka. Musembi alisimama akaenda mpaka katikati ya barabara, akarudi. Akamwambia Salim amwongeze kahawa, akapewa, akaiweka kwenye benchi bila kuigusa. Jonah akaanza kusema kwamba hata sheria, si unajua, ina mahali inasema, akaishia hapo kwa sababu hakujua mahali gani. Kisha wote watatu wakasema kwa pamoja, mmoja shamba, mmoja sanduku, mmoja iweto, kila mmoja akipandisha sauti, na katikati ya hiyo kelele hakuna aliyemwona mama aliyevuka barabara akiwa na debe lake kiunoni.

Alikuwa ni Mbinya, mjane wa kule juu. Si mtu wa kukaa na wanaume barazani. Hakukaa.

— Nimefika hapa saa tatu, akamwambia Musembi. Sasa ni saa saba kasoro. Unasaga ama husagi?

— Mama, nisamehe. Nimeletewa maneno kutoka nyumbani na siyaelewi.

— Maneno gani?

Posta akakaa wima, akaweka mikono magotini, akayarudia yote. Ile nanii sasa ni hivyo. Kama anaweza kuja, aje. Kama hawezi, basi, ni hivyo tu. Mbinya akasikiliza mpaka mwisho.

— Alipokuwa anakwambia, akauliza, alikuwa amesimama ama amekaa?

Posta akaondoa mikono magotini.

— Sikumwona. Aliongea kwa dirisha. Yeye alikuwa ndani.

— Hakutoka?

— Hakutoka.

— Maji alikupa nani?

— Nilijitekea kwa mtungi. Aliniambia nijitekee.

— Kukusindikiza mpaka njiani?

Posta akatikisa kichwa. Mama wa Kanyangi hata awe na mtoto mgongoni na jembe mkononi ataacha yote akupe kikombe cha maji kwa mikono miwili, na ataondoka nawe mpaka mnapoachana na boma lake.

— Ilikuwa saa ngapi?

— Saa nne, Posta akasema, sauti yake ikiwa chini. Saa nne asubuhi.

Saa nne asubuhi, mwezi wa Novemba, mwenye shamba yuko shambani, kama miguu inambeba.

— Na haya hukumwambia kijana?

— Hayo hakunituma nayo.

Sikumwonea hasira Posta. Nilijionea mwenyewe. Tulikuwa tumekaa na lile neno saa tatu nzima, tumeligeuza kila upande, na hakuna aliyeuliza lilitoka kwa mtu aliyekaa namna gani.

Honi ya basi ikasikika kutoka upande wa sokoni. Musembi akatoa ufunguo wa mill mfukoni, akaniwekea juu ya kola za sare. Unga wa mkono wake ukabaki kwenye kitambaa.

— Fundi, Kalondu wangu akipita, mwambie nimeenda... mwambie nimeenda ile nanii.

— Na Muthama?

Alikuwa ameshaanza kukimbia. Utingo alimvuta kwa mkono, basi likaondoka mlango wazi. Mbinya akalitazama mpaka likapotea kwenye kona, kisha akabeba debe lake la mahindi yasiyosagwa akarudi nalo nyumbani. Hakuwa amepita duka la mbegu mvua ilipoanza, ile kubwa, inayopiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Salim akainamisha birika lake kwenye kikombe cha Jonah, likatoa machicha tu.

Kalondu akaja mvua ilipopungua, pengine saa tisa kasoro. Ni mke wake, binti mdogo bado, hawajamaliza miaka miwili. Alikuwa amefunga muthokoi, mahindi na maharage ya kuchemsha, kwenye kitambaa, chakula cha mchana cha mumewe, mtoto mgongoni chini ya mwavuli. Akasimama mbele ya mill akasikia kimya, akaja kwangu.

— Fundi, Musembi yuko wapi?

Nilijaribu. Nilikuwa na maneno mengi, mimi niliyekaa asubuhi yote nikimcheka Salim na yaani yake na Jonah na si unajua yake. Nikamtazama Posta, na Posta akatazama mbuzi wake. Nikamtazama yule mtoto mgongoni, aliyepewa jina la bibi yake wa Kanyangi.

— Alipata maneno ya nyumbani, nikasema. Amesema nikwambie ameenda ile nanii.

Hakuuliza nanii gani. Akahamisha mtoto upande mwingine, akaliweka lile fungu la muthokoi juu ya benchi ili apate mkono wa kufunga leso vizuri. Akatazama anga upande wa Kanyangi, ambako kulikuwa bado kweusi.

— Alienda na koti? akauliza.

Nikamtazama Jonah. Jonah akamtazama Salim. Tulikuwa tumekaa naye tangu asubuhi, goti kwa goti, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.