Shuka Kwenye Maji Baridi

DADA: Haloo? Wifi! Hujambo? Leo umenikumbuka, mimi nilidhani—

KIBIRITI: Si wifi yako. Ni mimi.

DADA: Mimi nani? Paza sauti, huku jikoni kazini masufuria yanagongana, sisikii kitu.

KIBIRITI: Kibiriti, Dada. Mdogo wako. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Makubwa! Kibiriti kunipigia siku ya kazi? Na simu ya mkeo? Yako imefanya nini?

KIBIRITI: Haina salio. Sikia, nina swali dogo tu, halafu nakuacha upike.

DADA: Swali gani?

KIBIRITI: Uji. Nimechemsha maji, nikamimina unga, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Umekuwa madonge matupu.

DADA: [anacheka] Wewe? Uji? Ngoja nikae kwanza.

KIBIRITI: Dada, usinicheke bwana.

DADA: Sasa nisicheke nini? Mtu ana miaka mitano ya ndoa, hajui uji unaanzaje! Unga hautupwi kwenye maji ya moto hivyo. Unauchanganya pembeni na maji baridi, kwenye bakuli, mpaka ulainike kama maziwa. Ndiyo unaumimina kwenye yanayochemka, huku unakoroga. Umeelewa?

KIBIRITI: Maji baridi kwanza.

DADA: Maji baridi kwanza. Hayo madonge wape kuku. [kwa mtu wa pembeni] Mama wa vyombo! Hayo mayai yatoe uyatie kwenye maji baridi sasa hivi, yakipoa humo humo maganda yatang'ang'ania, wafanyakazi watatutukana! [simuni] Kibiriti, upo?

KIBIRITI: Nipo.

DADA: Uji wa nani?

KIBIRITI: Wa kunywa tu.

DADA: Wewe hunywi uji tangu utoto. Ulikuwa unaumwagia dirishani. Uji wa nani?

KIBIRITI: Wa wifi yako. Ana... ana uchovu. Amelala kidogo.

DADA: Amelala? Saa nne? Wifi yangu mimi, yule anayedamka kufagia uwanja kabla jogoo hajakohoa?

KIBIRITI: Watu hawachoki?

DADA: Wanachoka. Na huko ni maji gani yanamwagika? Nasikia kama bomba.

KIBIRITI: Niko uani. Nimekuweka kwenye spika, mikono imelowa. Ndiyo, hata hilo nilitaka kukuuliza. Doa kwenye shuka linatolewaje?

DADA: Hukufungua karakana leo?

KIBIRITI: Sikufungua.

DADA: Mteja wa lile kabati si alikuwa anakusumbua?

KIBIRITI: Atasubiri. Dada, doa.

DADA: Doa la nini?

KIBIRITI: La chai.

DADA: Ya maziwa au ya rangi?

KIBIRITI: Ya... ya rangi.

DADA: Mwagia maji ya moto, paka sabuni, litatoka.

KIBIRITI: Nimeshamwagia ya moto. Ndiyo limezidi. Limeingia ndani ya uzi, limekuwa la kahawia, limekaza. Hata nikisugua na brashi halisogei.

DADA: Halisogei?

KIBIRITI: Halisogei. Dada? Haloo? Mtandao huu nao—

DADA: Nipo. Kibiriti.

KIBIRITI: Ee?

DADA: Chai haikazwi na maji ya moto.

KIBIRITI: Labda ilikuwa na maziwa kidogo, sijui, mimi si mtu wa—

DADA: Mimi nimefua mashuka ya mama tangu sijafika kimo cha beseni. Najua kinachokazwa na maji ya moto. Unajua nami nilifundishwa na nani, na kwa sababu gani. Mama aliniambia, maji baridi, mwanangu, baridi kabisa, na usimwambie mtu. Unakumbuka?

KIBIRITI: [anafunga bomba]

DADA: Nakuuliza, unakumbuka au hukumbuki?

KIBIRITI: Nakumbuka.

DADA: Hiyo damu ni ya nani?

KIBIRITI: Sikusema damu.

DADA: Ndiyo, hukusema. Nimesema mimi. Mpe wifi simu.

KIBIRITI: Amelala, nimekuambia.

DADA: Mwamshe.

KIBIRITI: Hataki kuongea na mtu.

DADA: Hataki au hawezi?

KIBIRITI: Dada, unanifikiria nini?

DADA: Nafikiria mwanamume ambaye hajawahi kushika mwiko, leo anapika uji. Hajawahi kufua hata kitambaa cha kufutia jasho, leo anasugua shuka. Mke amelala mchana, simu yake unayo wewe, na unaniambia chai. Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

KIBIRITI: [mkwaruzo] —si hivyo, wewe unarukia tu—

DADA: Sikusikii! Rudi mlangoni, hapo mtandao haushiki. Umempiga?

KIBIRITI: Nini?

DADA: Umesikia. Umempiga mkeo?

KIBIRITI: Dada!

DADA: Nijibu.

KIBIRITI: Yaani wewe, wewe uliyenibeba mgongoni, unaniuliza mimi hivyo?

DADA: Kwa sababu nimekubeba. Jina la Kibiriti hukupewa kwa upole. Naujua moto wako ukiwaka, na naijua nyumba tuliyotoka. Baba naye alikuwa fundi mzuri, anachekesha watu, halafu asubuhi mama anatuambia ameteleza bafuni. Sasa sema. Umefanya kama Baba?

KIBIRITI: Sijamgusa! Sijawahi kumgusa! Hata kofi! Hata... [sauti inakatika] Hata neno baya leo sijamwambia.

DADA: Usipige kelele. Kama hujamgusa, namwita mjomba na dereva wa hapa kazini tunakuja hapo sasa hivi, mlango uwe wazi.

KIBIRITI: Usimwite mjomba! Nakuomba. Usimwite mtu yeyote.

DADA: Unaona? Kwa nini nisimwite mtu?

KIBIRITI: Ameniapisha.

DADA: Nani?

KIBIRITI: Yeye. Wifi yako. Ameniapisha nisimwambie mtu, nisikuambie hata wewe.

DADA: Usiniambie nini? Mdogo wangu. Usiniambie nini?

KIBIRITI: Alikuwa na ujauzito, Dada. Hatukumwambia mtu. Tulisema safari hii tunyamaze mpaka tumbo liseme lenyewe. Ulikuwa unaenda vizuri kabisa. Jana alikuwa anaimba. Alfajiri ananishika mkono, ananiambia washa taa. Nikawasha.

DADA: Ee Mungu.

KIBIRITI: Nikamwambia twende hospitali. Akasema hapana. Akasema safari ile ya kwanza mimba ilipotoka, kabla hajafika nyumbani mtaa mzima ulishajua, nyumba ikajaa watu, kila mmoja na dawa yake na maneno yake. Shangazi akamuuliza mbele za watu alikuwa anabeba ndoo za nini. Akasema bora afie ndani kuliko kuulizwa vile tena. Akaniambia, wewe fua tu hili shuka, lisionekane. Basi mimi nafua. Sijui nafanya nini, Dada, nafua tu.

DADA: Ngoja. Sikiliza. Acha kulia, nisikilize. Damu imekata?

KIBIRITI: Bado.

DADA: Bado vipi? Inatoka kidogo kidogo au inatiririka?

KIBIRITI: Hili ninalofua ni shuka la pili. La tatu liko chini yake.

DADA: Midomo yake ikoje?

KIBIRITI: Sijaangalia.

DADA: Nenda kaangalie! Nenda na simu!

KIBIRITI: Naenda. [hatua, mlango] Mke wangu. Mke wangu, nifungulie macho. Ni Dada... ndiyo, nimemwambia. Nisamehe. Dada, midomo imekuwa myeupe. Anasema masikioni kuna kitu kinavuma.

DADA: Anaweza kukaa?

KIBIRITI: Nimemwinua. Anasema chumba kinazunguka.

DADA: Mlaze. Mlaze tena. Sasa hakuna kusubiri, hakuna aibu, hakuna shangazi. Yule jirani mwenye pikapu yupo?

KIBIRITI: Gari naliona liko nje.

DADA: Mwambie mgonjwa. Asitake kujua zaidi, na akitaka kujua mwambie aendeshe. Mlaze nyuma, kwenye godoro, mfunike vizuri.

KIBIRITI: Na uji? Nimpe uji kwanza apate nguvu? Nimeshachanganya na maji bari—

DADA: Achana na uji! Asile kitu mpaka daktari amwone. Pengine watataka kumsafisha kizazi. Simu yake ina chaji?

KIBIRITI: Imekuwa nyekundu.

DADA: Basi usipige mtu mwingine. Nenda.

KIBIRITI: Na mashuka? Yako uani, Dada, yanaonekana, kila anayepita—

DADA: Yatumbukize kwenye beseni. Maji baridi, mengi, yafunike juu. Usisugue tena. Beseni lisukume ndani, ufunguo uache juu ya fremu ya mlango. Nitafua mimi.

KIBIRITI: Dada.

DADA: Nini tena?

KIBIRITI: Wewe kweli ulidhani nime—

DADA: Kimbia, Kibiriti! Tutagombana baadaye! [kwa mtu wa pembeni] Mama wa vyombo, nishikie hii sufuria. Viazi hivi anza na maji baridi, usisubiri yachemke. Na msimamizi akiniulizia, mwambie nimefiwa... hapana. Mwambie nina mgonjwa. Nina mgonjwa.

[Simu inakatika. Inaita tena alasiri.]

DADA: Haloo? Kibiriti? Wamesemaje? Mbona kimya muda wote huu, nimepiga mpaka—

WIFI: Ni mimi, wifi.

DADA: Wifi! Alhamdu... ee, asante Mungu. Ni wewe mwenyewe?

WIFI: Ni mimi. Nesi ameniazima waya wa chaji.

DADA: Sauti yako iko mbali.

WIFI: Nimechoka tu. Wamenisafisha. Wameniongezea damu, chupa ya pili ndiyo inaisha. Damu imekata. Daktari anasema tungechelewa kidogo...

DADA: Usimalizie.

WIFI: Simalizii.

DADA: Na...?

WIFI: Hayupo, wifi.

DADA: Pole. Pole, mwanamke mwenzangu. Pole sana.

WIFI: [analia]

DADA: Lia. Mimi sina haraka. Lia tu, niko hapa.

WIFI: Uko wapi?

DADA: Kwako. Nimekuja kukuchukulia nguo za kubadilisha, nilikuwa ndiyo nafunga kifurushi nije huko.

WIFI: Uko kwangu? Na nani?

DADA: Peke yangu.

WIFI: Shangazi hayupo hapo?

DADA: Hayupo.

WIFI: Jirani? Yule wa dirisha la kijani?

DADA: Alikuja, akabisha hodi. Aliniuliza pikapu ilimbeba nani.

WIFI: Ukamwambia nini?

DADA: Nilimwambia imebeba kabati.

WIFI: [anacheka kidogo, anaguna] Usinichekeshe, tumbo linauma.

DADA: Akaniuliza kabati la nani. Nikamwambia subiri, likifika mwenyewe atakupigia.

WIFI: Wifi, wewe! Na mashuka?

DADA: Nimeyafua. Lile lililomwagiwa maji ya moto limebaki na kivuli, ukilitafuta sana utakiona. Mawili mengine yametakata. Nimebadilisha maji mpaka yakawa kama ya kunywa.

WIFI: Umeanika nje?

DADA: Ndani. Kamba nimeifunga chumbani, dirisha nimelifunga pazia. Hakuna aliyeona.

WIFI: Wifi, nilikusikia asubuhi.

DADA: Ulinisikia vipi?

WIFI: Simu ilikuwa kwenye spika. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Nilikusikia unamuuliza kama amenipiga.

DADA: Ah. Wifi. Unajua, mimi... hayo mambo ya nyumbani kwetu—

WIFI: Yeye yamemuuma. Amekaa hapo nje kwenye benchi, aliniambia, dada yangu ananiona mimi ni Baba.

DADA: Nitaongea naye. Nitamwomba radhi. Na wewe nisamehe, nimekuingilia nyumba yako kwa maneno mabaya, na wewe umelala unaumwa.

WIFI: Usiombe radhi kwangu.

DADA: Hapana, nilimwonea—

WIFI: Nisikilize, kabla nesi hajarudi. Mimi kwetu tuko wasichana wanne. Dada yangu mkubwa alikuwa anakuja nyumbani na jicho limevimba, sisi tunamwandalia chai, tunamuuliza habari za watoto. Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi. Leo nilikuwa nimelala pale, naona kama naondoka, nikasikia mtu anamfokea ndugu yake wa damu kwa ajili yangu. Nikasema, kumbe kuna mtu. Mdogo wako safari hii hajafanya. Na nadhani hatafanya, namjua. Lakini wewe ukiwa na wasiwasi siku nyingine, uliza vile vile. Usipunguze sauti.

DADA: Sitapunguza.

WIFI: Hata akinuna.

DADA: Hata akinuna. Anune mpaka achoke.

WIFI: Nesi anakuja, anataka waya wake. Wifi, njoo wewe. Usimlete mtu.

DADA: Niko mlangoni, nafunga. Nani mwingine anajua—

WIFI: Njoo tu. Haya, wifi. Ha—

[Simu inakatika.]