Eufrasia na Beseni la Matanga

Marehemu Eufrasia Mageni alizaliwa Segese tarehe 9 Agosti 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Mageni. Nasoma mimi Scolastika, mtoto wa mdogo wake. Tupo saba tu hapa kaburini, kwa hiyo sina haja ya kupaza sauti.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1949. Huko walimtoa kwenye kwaya kwa sababu aliwafunika wenzake wote. Mwalimu alimwambia, "Eufrasia, Mungu si kiziwi." Akajibu, "Lakini yuko mbali, mwalimu."

Tarehe 4 Februari 1956 alifunga ndoa na Katekista Stanslaus, huyu aliyesimama hapa. Walipata watoto wawili.

Alilima pamba. Na kwenye misiba, yeye ndiye alikuwa anapitisha maji ya kunawa. Sisi huku asiyezika wenzake hazikwi, kila mtu anajua. Eufrasia hakukosa msiba hata mmoja.

Tarehe 20 Februari mwaka huu, 1978, Mzee Pantaleo alikufa kwa kuhara. Hatukujua ni kipindupindu. Tukala matanga kama kawaida. Eufrasia akapitisha beseni, maji yale yale kwa watu arobaini, na waliomwosha marehemu ndio wakanawa wa kwanza, kwa heshima. Wiki haikuisha, kumi na wawili wakaanguka.

Bwana afya akageuza darasa la shule kuwa kambi ya wagonjwa, akazungusha kamba ya katani. Hakuna aliyevuka. Tarehe 1 Machi Eufrasia akavuka. Mume wake akamwita kutoka huku nje:

"Mama Onesmo, rudi! Nitawaombea hapa hapa."

"Omba. Ukimaliza lete maji. Beseni nilishika mimi."

"Hukujua!"

"Na wao walijua?"

Salehe wa dukani alikuwa anatupa sukari ya kuchanganyia maji ya wagonjwa juu ya kamba, halafu anakimbia. Eufrasia anamcheka: "Salehe, ugonjwa hauna miguu!" "Mimi ninayo, Mama Onesmo!"

Kila siku aliimba akiwaosha wagonjwa. Tulikuwa tunasikia mpaka sokoni, tunasema, bado yupo. Tukaona inatosha.

Jumatano tarehe 15 Machi, mchana, alikuja kwenye kamba amebeba mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa ameshakufa. Akaniambia, "Scola, vuka unishikie huyu. Nilale kidogo tu."

"Mama mkubwa, naogopa."

"Hata mimi naogopa."

Sikuvuka. Nilikwenda kanisani, tulikuwa na rozari ya kuwaombea wagonjwa. Jioni hakuimba. Alianza kuhara hiyo hiyo jioni, akafa Alhamisi tarehe 16 Machi, saa nne asubuhi. Mtoto alimtangulia.

Kati ya wote aliowauguza, watano wamepona. Nyumba zao zinaonekana kutoka hapa. Milango imefungwa. Chokaa amemwaga bwana afya, kaburi wamechimba Onesmo na baba yake.

Ameacha mume, watoto wake Onesmo na Nyanzobe, na mdogo wake mmoja, mama yangu, ambaye amebaki nyumbani kwa woga.

Mungu ampumzishe. Sisi alituomba, hatukumpumzisha.