Alden Brekke na Pikipiki Isiyobeba Wawili

Marehemu Alden Roy Brekke alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, katika shamba la ngano maili tisa kaskazini mwa Rudyard, Montana. Alikuwa mtoto wa tatu wa Bwana Torval Brekke na Bi. Inga, wote sasa marehemu. Alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake, theluji ikiwa bado imefunga barabara, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu hakuweza kungoja hata tumboni. Akiwa na miaka minne alikutwa maili mbili kutoka nyumbani, ameshika kipande cha mkate na bisibisi. Walipomuuliza anakwenda wapi alijibu, "Mbele."

Alisoma Rudyard kuanzia mwaka 1970 hadi 1982. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti kwamba akili anayo, ila kiti chake huwa kitupu. Kwa kawaida alipatikana nyuma ya karakana ya shule, akifungua kitu cha mtu mwingine.

Mwaka 1983 aliajiriwa na reli mjini Havre kama fundi wa injini za dizeli, na alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na minane. Wenzake waliofika leo watashuhudia kwamba aliweza kusimama kando ya injini inayonguruma na kuonyesha kwa kidole beringi iliyoanza kuchoka. Hakuwahi kukosa kazini kwa uzembe. Lakini kila Juni ilipoanza alikuwa haketi tena kwenye kiti. Alikula amesimama mlangoni, macho barabarani.

Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Verna Kulbeck wa Chinook. Verna alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akishona maturubai. Shule aliiacha darasa la nane ili amuuguze mama yake, na hakuwa amefika mbali zaidi ya Great Falls. Siku ya harusi, mbele ya watu, Alden alimwambia, "Kabla hatujamaliza miaka mitatu nitakupeleka ukaone bahari kule Oregon. Kwa magurudumu mawili." Watu walipiga makofi. Mwaka 1993 walijaliwa binti yao, Kari.

Pikipiki yenyewe aliipata mwaka 1992 katika ghala moja huko Big Sandy. Ilikuwa ya mwaka 1979, silinda nne, na panya walikuwa wamejenga kwenye kisanduku cha chujio la hewa. Ilimchukua majira mawili ya baridi kuiandaa. Kabureta zote nne alizichemsha kwa maji ya limau katika sufuria ambayo Verna alipikia jamu, na jamu ya mwaka ule ililiwa na yeye peke yake, akiisifu. Tangi alilitoa kutu kwa kulijaza minyororo na kulitikisa uani mpaka majirani wakatoka nje kutazama.

Alikuwa na sheria zake, na wengi hapa wamezisikia. Kazi yote ifanyike kwa spana zilizomo kwenye mkoba wa safari, hata kama kabati la gereji limejaa, kwa sababu usichokikosa gerejini kwa hiari utakikosa njiani kwa lazima. Tairi lenye miaka kumi ni takataka, hata likiwa na meno mazuri. Na pikipiki kuukuu haiendi mbali kabla ya kuzungushwa maili mia mbili bila kuzidi maili arobaini kutoka nyumbani. Mkoba ule wa turubai ulishonwa na Verna. Kiti pia alikishona yeye, kirefu, chenye sponji tabaka tatu, sehemu ya nyuma pana kidogo kwa sababu alijua nani ataikalia.

Mwaka 1995 Alden alikwenda Winnipeg. Mwaka 1997 alikwenda Yukon akarudi na masikio yaliyobabuka kwa baridi. Alikwenda New Mexico, Nova Scotia, na mara mbili hadi pwani ya Oregon. Kila mwaka Verna alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: pikipiki haijawa tayari kubeba wawili. Mwaka mmoja shokomzoba za nyuma zilikuwa dhaifu. Mwaka mwingine spoki za magurudumu. Mwaka mwingine alisema fremu yenyewe haimpi imani. Verna alizoea kufunga mikate ya mtu mmoja.

Tarehe 19 Julai 2014, saa tano asubuhi, simu ililia jikoni. Ilikuwa hospitali ya mji mmoja magharibi mwa milima.

"Naongea na ndugu wa Alden Brekke?" aliuliza muuguzi.

"Ndiyo. Amekufa?"

"Hapana, mama, usiogope. Mbavu mbili tu. Na mkewe hajambo, kateguka kifundo cha mguu. Yuko hapa anakunywa supu."

"Mkewe nani?"

"Huyu aliyekuwa amekaa nyuma."

Verna akasema, "Basi mwambie amalize supu isipoe."

Jina la mama huyo halitatajwa hapa. Amekuja leo, amekaa safu ya nne, na kilichomleta ni huzuni kama wengine. Safari ile ya Julai ilikuwa ya sita kwake kwenye kiti kile.

Kilichowaangusha kilikuwa mpira wa kupitisha mafuta ya breki ya mbele. Alden, aliyebadilisha kila kitu, aliuacha mpira ambao pikipiki ilitoka nao kiwandani, kwa sababu nje ulikuwa mweusi, laini, bila ufa, na ulikuwa na maandishi ya kiwanda ambayo alipenda kuwaonyesha watu. Ndani ulikuwa umevimba. Mafuta yaliingia hayakurudi, breki ikashika yenyewe kwenye kona. Aliporudi nyumbani aliukata kwa kisu juu ya meza na kumwonyesha Verna tundu lisilopitisha hata pini. Aliueleza mpira ule kwa nusu saa. Juu ya lile lingine hakueleza kitu. Verna hakuondoka. Alihamishia kitanda chake chumba cha Kari, na maisha yakaendelea.

Mwezi Oktoba 2021 madaktari walimwambia Alden kwamba mapafu yake yanakakamaa na hayatarudi. Aliacha kazi, na tangu mwaka uliofuata aliishi na mpira wa hewa puani na mtungi wa oksijeni kando yake. Kwa mtu kama yeye, futi kumi na tano za mpira zilikuwa jela. Alitembea mpaka mpira ukaishia, akageuka, akatembea tena, hadi zulia la sebuleni likapata njia.

Desemba 2022, katika chakula cha Krismasi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa hili, alisimama akatangaza kwamba pikipiki itakuwa ya rafiki yake wa reli, Gordy Pruitt, na kwamba Gordy ataiendesha hadi bahari ya Oregon kwa niaba yake. Watu walipiga makofi tena. Verna alikuwa anamimina kahawa. Aliweka birika mezani akaenda kuvaa koti.

Nyumbani alimuuliza, "Ile bahari uliiahidi kwa nani?"

"Verna, wewe hujui hata kuiwasha."

"Nifundishe."

"Una miaka hamsini na mitatu, mama."

"Na wewe una nusu pafu. Nifundishe."

"Nimeshamwambia Gordy mbele ya watu."

"Mimi pia uliniambia mbele ya watu. Iandaliwe kwanza, halafu tutaona nani anaipanda."

Alikubali, labda kwa sababu alitaka kuiona ikinguruma mara moja tena, yeyote atakayeipanda. Ilikuwa imelala tangu alipougua. Kwa kuwa mtungi wa hewa haukuruhusiwa kukaribia petroli, Alden alikaa jikoni, nyuma ya kidirisha cha kioo kinachotazama gereji, Verna akiwa upande wa pili. Waliongea kwa simu, kila mmoja na yake. Verna aliinua kila kitu hadi kwenye kioo ili akione.

"Petroli ina rangi gani?"

"Kama chai ya jana. Inanuka rangi ya mbao."

"Mwaga yote. Usinusenuse, wewe si mbwa."

"Bora mbwa, angeshaondoka hapa."

Kuanzia Januari hadi Aprili Verna alifungua kabureta, akapuliza kila kitundu na kukitazama kwenye taa. Alipima nafasi za valvu kwa vibanzi vyembamba vya chuma, akakuta ya silinda ya tatu imebana, akailegeza. Alisafisha maungio ya nyaya moja moja, akabadilisha beringi za magurudumu, sili za shokomzoba za mbele, cheni na sproketi zake, tairi zote mbili. Hakugusa kabati. Alitumia spana zilizomo mkobani tu, na alipokosa moja aliiongeza humo, kama sheria ilivyotaka.

Alden hakuweza kushika chochote. Ilimtesa kuliko kikohozi.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Una uhakika?"

"Alden, mimi nimekuamini miaka thelathini. Hebu na wewe jaribu mwezi mmoja."

Mwezi Machi Verna alifika kwenye breki ya nyuma. Alisimama kwenye kioo akiwa ameshika mpira mweusi wenye maandishi ya kiwanda.

"Huu hukuubadilisha."

Upande wa pili wa kioo Alden aliutazama. "Nilisahau."

"Hukusahau. Ulibadilisha ule uliokuumiza wewe."

Kesho yake Alden alimwambia ni mafuta gani ya kuweka na jinsi ya kutoa hewa kwenye mpira mpya, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

Verna alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa maegesho pamoja na watu waliokuwa wa umri wa binti yake. Alianguka mara mbili na kukanyaga koni za mafunzo nyingi kuliko wote. Tarehe 29 Aprili alipata leseni. Jumamosi ya tarehe 13 Mei aliitoa pikipiki kwa mzunguko wa maili mia mbili. Alipita Chinook, akarudi, akashuka kuelekea Big Sandy, na kwenye maili ya mia na ishirini injini ikazima kana kwamba mtu ameizibia pua. Alisimama kando ya barabara. Gari la Gordy likatokea nyuma yake.

"Shemeji! Nikupakie?"

"Nenda zako, Gordy."

"Utalala hapa na ng'ombe."

"Ng'ombe hawaniahidi kitu. Nenda."

Gordy hakwenda. Alikaa kwenye gari lake akimtazama, mikono kifuani. Verna alinyanyua kiti, akafuata nyaya kwa kidole kama alivyofundishwa, akakuta bolti ya betri imelegea. Aliikaza. Injini ikawaka kwa mguso mmoja. Alimaliza maili themanini zilizobaki na kuingia nyumbani saa tisa mchana.

Verna alipoingia jikoni, Alden alikuwa kwenye kidirisha. "Nimesikia ilizima."

"Gordy kakupigia."

"Ilikuwa nini?"

"Bolti ya betri. Sikuikaza. Kosa langu." Alivua kofia ngumu akaiweka mezani. "Umesikia? Ni maneno mawili tu, hayaui mtu."

Alden akamuuliza kama mkono wa kushoto ulimfa ganzi, na akamwambia asibane sana mpini wa klachi. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza swali la mwendesha pikipiki.

Asubuhi ya pili yake alimpigia Gordy. Verna alikuwa anamenya viazi, akasikia pande zote mbili, maana Gordy hajui kuongea taratibu.

"Pikipiki ina mwenyewe, mzee mwenzangu."

"Mwenyewe nani? Si ulinipa mimi, mbele ya kanisa zima!"

"Nimeahidi watu wengi."

"Basi?"

"Basi kuna aliyetangulia kwenye foleni."

Hati ya umiliki Alden aliisaini siku hiyo hiyo, akaisukuma mezani hadi kando ya viazi. Hakuomba radhi. Verna naye hakumsamehe, na isisemwe leo kwamba alimsamehe. Alikausha mikono, akaichukua hati, akaitia kwenye droo yake.

Baada ya hapo afya ya Alden ilishuka haraka. Wiki ya mwisho hakuweza tena kufika mwisho wa mpira. Aliomba kitanda kigeuzwe kielekee dirisha, kikageuzwa. Alifariki nyumbani Havre, Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa kumi na dakika ishirini jioni, mkewe na bintiye wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Ameacha mjane, Verna, binti, Kari, na mumewe Joel, wa Spokane, mjukuu mmoja, Iris, dada, Bi. Solveig Brekke Amdahl wa Rudyard, na kaka, Leif, wa Billings. Ameacha pia marafiki wa reli, akiwemo Gordy Pruitt, ambaye amekasirika lakini amekuja, na amekubali kubeba jeneza upande wa kushoto.

Baada ya maziko kutakuwa na mikate ya nyama, viazi vya jibini na keki katika ukumbi wa chini. Nyote mnakaribishwa. Mjane hatakuwepo, na anaomba asingojewe. Ile pikipiki iliyoegeshwa mbele ya mlango wa kanisa, yenye mizigo ya mtu mmoja, tafadhali asiisogeze mtu. Tangi limejaa, na kutoka hapa hadi Astoria, kwenye bahari ya Oregon, ni siku tatu, nne kwa mtu asiye na haraka.

Mungu amlaze Alden mahali pema, na wale aliowaacha njiani awafikishe.