Historia ya Veridiana Chilumba, na Barua Iliyosomwa Mstari Mmoja

Waombolezaji wenzetu, mliotoka Tandahimba, Masasi na hapa Mkunya, familia imemtuma Bartholomayo, kaka wa marehemu, asome historia hii, kwa kuwa ndiye graduate wa ukoo, na leo mtasikia usomi huo ulifanya kazi gani.

Veridiana Chilumba, Mama Safari, alizaliwa Mkunya tarehe 14 Machi 1979, akasoma shule ya msingi hapa hapa, 1987 hadi 1993, kisha sekondari Masasi, ambako mwaka 1996 alianguka uwanjani akicheza netiboli, akazimia, wakubwa wakasema ni mashetani, akachezewa ngoma, akarudi darasani. Alipomaliza mwaka 1997 soko la korosho lilikuwa limeshafunguliwa, akaajiriwa kupima magunia kwa mnunuzi binafsi Newala, na tarehe 7 Oktoba 2000 akafunga ndoa na Vitalis, wakajaliwa mtoto mmoja, Safari.

Msimu wa kupulizia mikorosho, mwaka 2003, kifua kilimbana, akazimia tena, na sisi watu wa korosho kila kifua tunakipa jina moja, salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, basi akanyweshwa maziwa. Tarehe 17 Juni alikwenda Masasi kwa daktari wa moyo aliyekuja na mashine ya picha, akaambiwa kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo, tangu tumboni mwa mama, umechipukia upande usio wake, unapita katikati ya mishipa mikubwa miwili, akitulia hausumbui, akipanda mlima unabanwa, akapewa barua ya Kiingereza ya kwenda Dar es Salaam, na ikibidi India, akapasuliwe.

"Kaka, wewe ndiye msomi, tusomee," alisema, na Bartholomayo, miaka miwili degree iko kabatini, maombi ya kazi hayajibiwi, ana hasira na kila anayejua kitu, alisoma mstari wa kwanza tu, kwamba kipimo cha mapigo ya moyo akiwa amelala ni normal, yaliyofuata hakuyaelewa, akaona haya kusema, akakunja karatasi: "Normal! Ni salfa hiyo, please, msitupotezee nauli."

Kwa huruma yetu tukamtoa kwenye salfa, tukampa kazi nyepesi, kuteka maji bondeni. "Kaka, kile kilima kinanimaliza," alisema, mara mbili, akajibiwa kwamba mvivu hakosi sababu, na aliyemjibu alikuwa amekaa kivulini, maana graduate habebi ndoo.

Tarehe 12 Agosti 2004, saa tatu asubuhi, alianguka kwenye kilima hicho, ndoo kichwani, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Mama yetu mzazi aliomba isomwe kwamba amefariki ghafla. Samahani, Mama, haikuwa ghafla, ilikuwa mwaka mmoja na miezi miwili kasoro siku tano, na barua ilikaa kabatini pamoja na cheti.

Tunamshukuru daktari yule aliyeona, wauguzi, majirani, wenzake wa mizani, na Mama Mwanne aliyemkuta njiani akampakata. Kwako, shemeji Vitalis, Bartholomayo hana shukrani ya kutoa, ana radhi ya kuomba, mbele ya watu wote hawa.

Maji yaliyokuosha jana, dada, aliyateka kaka yako, kwenye kilima kile kile alipumzika mara nne, na moyo wake ni normal. Pumzika kwa amani, Mama Safari, pumzika, hakuna tena wa kukuita mvivu.